Nimemwachia Nyanya Yake

Binti yangu alipokuwa na miezi kumi na moja nilimbeba, nikapanda naye feri hadi Likoni, nikamwachia nyanya yake, mama wa baba yake. Naandika neno hilo, nimemwachia, na mkono bado unasita, kwa sababu ndilo lililokaribia kuninyang'anya mtoto. Na niliandika mwenyewe, kwa hati yangu nzuri, bila kulazimishwa na mtu.

Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja. Nilikuwa nakaa Kisauni, chumba kimoja upande wa Frere Town, nikishona madera na sare za shule. Kushona nilijifunza kwenye simu, kwa kutazama mikono ya watu nisiowajua. Shule niliacha kidato cha pili. Mimi na baba wa mtoto hatukuoana. Watu wake ni Waislamu wa Likoni, wakulima wa tangu na tangu. Wangu ni Wakristo walioteremka kutoka Kaloleni. Kila upande ulingoja mwenzake aanze maneno, na kungoja kule ndiko kukawa jibu. Lakini baba wa mtoto hakumkana hata siku moja. Jina lake liko kwenye cheti cha kuzaliwa, aliandikisha mwenyewe, na alivaa shati jeupe siku hiyo.

Sijawahi kumweleza mtu sawasawa ilivyokuwa miezi ile, basi nieleze. Nilikuwa naosha chupa moja ya maziwa mara sita. Nilikuwa namwamsha mtoto aliyelala ili nihakikishe anapumua, kisha nalia kwa kuwa nimemwamsha. Nilikuwa namwona akianguka kutoka mikononi mwangu, mchana kweupe, akiwa amelala salama kitandani. Kila kitu nilichokifanya kilikuwa na kasoro, na kasoro hiyo ilikuwa na macho mawili, ikinitazama.

Nyanya yake hakuniuliza kitu. Alimpokea mtoto, akamfunga mgongoni na leso, akaniambia, “Ndoo ndani. Na wewe ukalale.”

Nililala kwenye mkeka wake kutoka adhuhuri hadi alasiri. Katika usingizi nilisikia mbuzi ya nazi ikikuna, mbali, kama mtu anayetembea juu ya changarawe nyeupe, na sauti ya mwanangu akicheka na mtu ambaye si mimi. Nilipoamka mwanga ulikuwa umeingia mlangoni ukalala sakafuni kando yangu. Kwa muda mrefu sikujua mimi ni nani, na nilifurahi kutojua. Nikarudi Kisauni mikono mitupu.

Baada ya wiki chache baba wa mtoto alisema ni vizuri tuandikiane, maana kliniki itauliza, na baadaye shule itauliza. Tukaenda ofisi ya watoto. Pale palikuwa na fomu ya Kiingereza, nikaomba niandike barua yangu kwa Kiswahili. Kiswahili ndicho kitu pekee nilichowahi kusifiwa shuleni, na siku ile nilitaka angalau jambo moja niwe nimelifanya vizuri. Nilichagua neno kama ninavyochagua uzi. Nimempa lilikuwa kama zawadi. Nimemkabidhi lilinukia kituo cha polisi. Nimemweka ni la mzigo. Nikaandika: Nimemwachia nyanya yake mtoto wangu, amlee. Mtu humwachia jirani ufunguo, humwachia dada chungu jikoni. Lilikuwa neno laini, la watu wa nyumba moja. Afisa akaligonga muhuri. Makubaliano yakapelekwa mahakama ya watoto yakawa amri: mtoto atakaa Likoni, kwa upande wa baba yake, na mimi nitakwenda kumwona kila Jumamosi.

Nilikwenda kila Jumamosi kwa miaka mitano. Nikizikumbuka sasa hazina mwisho wala mwanzo, ni Jumamosi moja tu ndefu yenye joto, mihogo imeanikwa uani, mtoto anakua huku mimi nikiingia na kutoka mlangoni. Nilikuwa navaa dera nililolinyoosha kwa pasi mara mbili. Nyanya yake alikuwa akimwita ndani, na yeye akiitika “abee” kwa sauti nyembamba iliyonichoma, kwa kuwa si mimi niliyemfundisha kuitika hivyo. Mtoto alimwita nyanya yake Mama. Mimi aliniita Mama Jumamosi. Wote tulicheka mara ya kwanza alipolisema. Mimi nilicheka zaidi yao.

Sikujua ni lini uoga ulinitoka. Labda haukutoka, ulihama tu ukaenda kukaa kwenye mishono. Lakini ilifika Jumamosi moja, mtoto ana miaka mitano na nusu, akalala mapajani kwangu na uzito wake wote, nikagundua kwamba nimekaa saa nzima bila kuangalia kama anapumua.

Mwaka huo huo magoti ya nyanya yalianza kuvimba. Hakuweza tena kumpeleka mtoto shule wala kumfuata. Baba wa mtoto alikuwa ameshaoa, anaishi Changamwe na mkewe, anafanya kazi ya zamu kwenye makontena. Alinipigia simu kunieleza, kwa upole kama desturi yake, kwamba mtoto atahamia kwake. Nikamwambia nataka ahamie kwangu. Nilisikia redio nyuma yake na mwanamke akimwambia mtu afunge mlango.

“Lakini sisi tuliandikiana,” akasema.

Nilikuwa nimesahau barua. Yaani, nilikuwa nakumbuka nilivyoiandika vizuri, nikasahau inasema nini.

Nilianza kwenda saiba, duka la intaneti, kule Mkomani, kwa sababu kwenye saiba ya hapa mtaani kwetu watu wanasoma juu ya bega lako. Nilisoma sheria ya watoto tangu mwanzo, kwa Kiingereza changu cha kubahatisha, nikinakili kwenye daftari la mistari. Ukurasa ukichafuka naanza upya. Nilijifunza kwamba mama na baba wana wajibu sawa kwa mtoto hata kama hawakuoana, na kwamba hakuna anayeshinda kwa kuwa mama tu au kwa kuwa baba tu. Nilijifunza kwamba amri ya malezi haivunjwi kwa simu wala kwa machozi. Anayetaka ibadilishwe lazima arudi mahakamani, aonyeshe hali imebadilika tangu ilipotolewa, na aonyeshe kwamba badiliko analolitaka ni kwa faida ya mtoto. Si yake. Hapo nilisimama. Nilikuwa nimeandaa kurasa nne, na zote zilikuwa zinahusu faida yangu.

Hati yangu ya kiapo niliiandika mara kumi na nne. Wakili wa kuapisha, mzee wa miwani mizito, aliniuliza kama nimeapa kusema kweli au nimeapa kutokosea, maana hayo ni mambo mawili. Nikamjibu yote mawili. Akatikisa kichwa, akatia sahihi.

Kisha mahakama ikamtuma afisa wa watoto azitembelee nyumba zote: ya Likoni, ya Changamwe na yangu. Nilisugua chumba siku tatu. Nilinyoosha shuka kwa pasi likiwa tayari kitandani. Nilipanga vitu vya kuchezea kwenye rafu, kuanzia kirefu hadi kifupi. Afisa alikuwa mama wa bara, mwenye viatu vya kutembea. Aliingia akakaa pembeni kabisa mwa kiti. Akatazama rafu, akatazama sakafu inayong'aa, kisha akanitazama mimi.

“Dada, hapa kwako mtu anaogopa kukaa,” akasema. “Huyu mtoto atachezea wapi?”

Nilionyesha kwa kidole mahali fulani katikati ya chumba, na wote wawili tukapatazama, pakavu, pasafi, kama mahali palipooshwa kwa ajili ya maiti. Akaandika kitu. Alipoondoka niliteremsha vitu vyote vya kuchezea, nikavimwaga chini, nikakaa katikati yake. Sikuweza kuvumilia zaidi ya dakika tano.

Siku ya kusikilizwa kesi tulikutana kwenye benchi la nje, sisi watatu. Mimi sikuwa na wakili, baba wa mtoto alikuwa naye. Nyanya alikuja na mkongojo na kikapu, akakaa katikati yetu. Nilimwamkia, shikamoo mama, akaitika marahaba bila kunitazama, maana alikuwa anafungua kikapu. Alikuwa ameleta muhogo wa kuchemsha na chupa ya chai.

“Kuleni,” akasema. “Mwagombania mtoto na hata chai hamjanywa.”

Tukala. Mwanawe alimenya kipande akanipa bila kufikiri, kama zamani, halafu akakumbuka tuko wapi akatazama upande mwingine. Wakili wake alisimama mbali kidogo akijifanya kusoma simu. Jua lilikuwa limepiga ukuta wa mkabala, jeupe mno, na kwa muda niliona kama sisi ni watu wanaongoja daktari, na mgonjwa ni mmoja, na sote tunamtakia heri.

Chumba cha mahakama ya watoto ni kidogo, hakuna watazamaji. Hakimu alikuwa mwanamke mwenye sauti ya chini. Wakili alieleza kwamba baba ana nyumba ya vyumba viwili, ana mke mwenye tabia njema, ana kazi ya kudumu. Yote yalikuwa kweli. Halafu akasema mama huyu alishamtoa mtoto zamani, na kwamba haya si maneno yake yeye wakili, ni ya mama mwenyewe. Akatoa barua yangu, na nyuma yake tafsiri ya Kiingereza iliyofanywa na mtafsiri wa kulipwa.

Akasoma tafsiri. Kiingereza changu ni cha saiba, lakini nilielewa. Neno langu lilikuwa limegeuka njiani. Kule upande wa pili halikuwa tena ufunguo kwa jirani. Lilikuwa neno la mtu anayefungua mkono kitu kianguke, asitake tena kujua kimeangukia wapi.

Nilitaka kusimama niseme si hivyo, kwetu neno hili si hivyo. Lakini nilikuwa nimeisoma sheria na nikajua kwamba mimi ndiye mtu ambaye ushahidi wake juu ya neno hilo una thamani ndogo kuliko wote mle ndani.

Hakimu aliitazama barua ya Kiswahili kwa muda. Kisha akamgeukia nyanya, ambaye alikuwa ameitwa na upande wa mwanawe.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Mheshimiwa,” akajirekebisha.

“Barua inasema mama wa mtoto alikuachia mtoto. Wewe, siku ile, ulielewa nini?”

Nyanya aliomba asomewe kama ilivyoandikwa, si kwa lugha ile nyingine. Karani akasoma: Nimemwachia nyanya yake mtoto wangu, amlee. Nyanya akasikiliza akiwa amefumba macho, na mimi nikatazama mikono yake juu ya mkongojo. Alikuwa akimpenda mtoto yule kuliko kitu chochote duniani. Changamwe angempata kila alipotaka, ni nyumba ya mwanawe. Kwangu mimi hakuwa na haki hata ya kikombe cha maji.

“Mtu akiniachia kuku wake akenda zake Kaloleni,” akasema, “akirudi nimwambie kuku ni wangu?”

“Mtoto si kuku, mama.”

“Ndiyo. Kuku ningeshamla.”

Karani alicheka kabla hajajizuia. Baba wa mtoto naye alicheka, akainamisha uso. Hata hakimu alitafuta kitu kwenye faili. Na mimi ningepaswa kushukuru, kukaa kimya na kuchukua kile nilichopewa na mwanamke yule mbele ya mwanawe wa kumzaa.

Lakini hakimu akaniuliza, “Na wewe ndivyo ulivyomaanisha?”

Nimelirudia swali lile mara nyingi. Ndiyo moja ingetosha. Ilikuwa hapo, juu ya ulimi. Lakini nilikuwa nimeapa, na mimi nikiapa siwezi kulala na kosa. Au pengine si uaminifu, ni ugonjwa wangu ule ule wa kutotaka doa. Sijui kuvitenganisha.

“Mheshimiwa, sijui,” nikasema. “Siku ile nilitaka mikono yangu iwe mitupu. Nilijua nitarudi kumwona. Sikujua kama nitarudi kumtaka.”

Wakili aliandika. Nilisikia kalamu yake ikiandika, sauti ndogo kama ya panya. Nyanya alifumbua macho akanitazama, na sikuweza kusoma alichokuwa anafikiri. Nikakaa. Nilijua nimempoteza mtoto, na kilichonishangaza ni utulivu uliokuja, kama ule wa mkeka wa Likoni, mwanga umelala sakafuni.

Hakimu hakunisifu wala hakunilaumu. Alisema mahakama hii haiamui kwa neno lililoandikwa miaka mitano iliyopita na msichana aliyekuwa amechoka, liwe na maana hii au ile. Wazazi hawa wawili hawakuoana lakini mbele ya sheria uzito wao ni mmoja. Amri ilitolewa kwa sababu nyanya aliweza kulea. Sasa hawezi tena kumpeleka shule, kwa hiyo hali imebadilika na amri inaweza kubadilishwa. Kilichobaki ni kuuliza mtoto huyu, leo, atakuwa salama na mwenye raha wapi.

Akafungua ripoti ya afisa. Ripoti ilisema nyumba ya Changamwe ni nzuri na mke wa baba ni mtu mwema, ila zamu za baba zitafanya mtoto alelewe zaidi na mgeni. Ilisema nyumba ya Kisauni ni safi kupita kiasi. Nilitamani ardhi inifunike. Ilisema pia kwamba mama huyu hajakosa Jumamosi hata moja, na kwamba hilo afisa aliambiwa na nyanya pasipo kuulizwa. Mwisho, afisa alikuwa amezungumza na mtoto peke yake, uani, wakichambua mchicha. Mtoto alisema angependa kukaa na Mama Jumamosi. Alipoulizwa kwa nini, alisema anataka kumwona Jumanne, akiwa hajajipamba.

Hakimu alisoma sentensi hiyo mara moja tu, kwa sauti ile ile, akageuza ukurasa.

Haikuwa hukumu ya siku moja. Alisema mtoto hahamishwi kama kabati. Muhula mmoja atakuja kwangu Ijumaa hadi Jumapili, afisa atatembelea tena, na mambo yakiwa sawa atahamia likizo ya Aprili. Baba yake atampata kila baada ya wiki mbili, pamoja na nusu ya likizo, na mtoto hatasafirishwa nje ya kaunti bila mzazi mwingine kujua. Nyanya ataonwa wakati wowote, na hilo liandikwe. Baba wa mtoto alikubali. Nje, kwenye benchi, aliniambia angefanya kila kitu tena vile vile, na kwamba hana kinyongo. Nikamwambia mimi pia. Nilidhani nasema uongo wa adabu, lakini nilipofika nyumbani nikaona ni kweli.

Siku ya kuchukua nakala ya amri niliona nukta mbili zimekaa mahali pa nukta moja. Nikamwonyesha karani.

“Dada,” akasema, “hii ni amri, si barua ya mapenzi. Nenda nayo.”

Nikaenda nayo na nukta zake.

Aprili ikaja, mtoto akahamia kwangu, na muhula uliofuata ukaanza. Wiki ya kwanza mtoto alikuwa mgeni mwenye adabu, aliuliza kabla ya kunywa maji, alikunja nguo zake. Niliogopa adabu ile, niliijua ilikotoka. Wiki ya pili, alasiri moja baada ya shule, alisimama katikati ya chumba akaanza kulia. Hakuwa ameanguka, hakuwa na njaa. Alisema nyumba hii hainuki vizuri. Akasema anamtaka Mama. Nilisema mimi hapa, akasema si wewe.

Nilimpigia nyanya simu. Nilibonyeza nambari isiyo yake kwanza. Alisikiliza kilio kwenye simu, nikamsikia akipenga kamasi, nikajua naye analia.

“Hana ugonjwa,” akasema mwishowe. “Mshike tu. Asipotaka kushikwa, kaa karibu.”

Hakutaka kushikwa. Alinipiga kifuani kwa ngumi zake ndogo, mara moja, mara mbili, halafu akajilaza sakafuni kati ya vipande vya kitambaa cha sare nilivyokuwa nakata. Nikakaa karibu. Mashine ya kushona ilikuwa wazi, sindano iko katikati ya mshono, nami nikauacha. Nje mtu alikuwa anauza viazi vya karai akiita kwa sauti ya usingizi, upepo ukainua pazia ukaliteremsha. Mtoto alilia mpaka alasiri ikabadilika rangi. Sikuangalia saa. Ule uoga wa zamani ulikuja, niliuhisi ukipanda miguuni kama maji, ukafika magotini, ukafika kiunoni, ukakaa hapo. Nilijua njia ya kwenda feri. Ningeweza kuwa Likoni kabla ya magharibi.

Sikuinuka. Kilio kikawa kwikwi, kwikwi zikawa pumzi. Alilala pale pale chini, shavu juu ya kitambaa cha buluu, mkono wake mmoja umeshika ncha ya dera langu, na mimi nikabaki nimekaa hivyo, mguu umekufa ganzi, nikimtazama.